Diski ya Pili

Wafu wa Newala walihamishwa kila Ijumaa mchana, umeme ukiwepo.

Kazi hiyo ilikuwa ya Godwin, mpiga picha. Kompyuta yake ya mtumba, aliyoinunua kompyuta za nje zilipoanza kuingia nchini, haikuwa na tumbo kubwa. Picha zikijaa, inagoma. Basi Godwin huchomeka diski ya pili, kiboksi cheusi chenye waya, akawahamishia humo wote waliokwisha kuzikwa. Walio hai hubaki kwenye kompyuta, wapatikane upesi siku wakihitajika. Maana mtu akifa, ndugu hukimbilia studio, wanataka picha kubwa ya kutangulia mbele ya jeneza.

Zamani walikuwa wakifuta. Mpaka siku alipokuja Mama Witness kutoka Mnyambe, kwa miguu, kutafuta sura ya bintiye, wakaikosa. Godwin alimsindikiza mama yule hadi njia panda. Aliporudi alimwambia mkewe, "Mama Oscar, hapa mtu hafutwi tena. Anahamishwa."

Ijumaa hii Godwin alikuwa ameondoka na gari la alfajiri kwenda Masasi kufuata dawa. Dominika, mkewe, alibaki studio na wanafunzi kumi na wanane wa darasa la saba, wote wanataka picha za fomu, na kompyuta imegoma.

"Hodi, Mama Oscar!" Alikuwa Ziada, jirani, na bakuli lake la vitumbua. "Shemeji hayupo? Leo nani atakupikia?"

"Nyamaza wewe."

"Ninyamaze nini? Juzi nimemkuta bombani kwenye foleni ya maji, ndoo kichwani kama mwari. Jana anatwanga. Umempa nini mwanamume wa watu? Nigawie na mimi, nikamtilie wangu kwenye uji!"

Dominika alicheka mpaka akashika meza.

Ziada alimwachia vitumbua vinne, na pesa akakataa. Dominika akavifunika kwa sahani, juu ya vile vya jana.

Kicheko kilipoisha, wasiwasi ulimrudia palepale. Yeye alijua kwa nini Godwin amebadilika. Miezi miwili nyuma walikwenda hospitali pamoja, mume na kikohozi chake, mke na tumbo lake lililomsumbua tangu Kwaresima. Wote wawili walipimwa. Kisha daktari akamwita Godwin ndani, peke yake. Alikaa sana. Alipotoka alisema, "Mimi kikohozi tu, Mama Oscar. Na wewe vidonda vya tumbo. Tutameza dawa, basi." Akakuna sikio.

Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, Godwin hakuwahi kudanganya bila kukuna sikio.

Tangu siku hiyo hakula vizuri. Alimwandikia mtoto wao, Oscar, arudi kutoka Dar es Salaam kabla ya Krismasi, asikose. Jumapili iliyopita alimtaka mkewe avae kitenge kipya, akampiga picha nyuma ya kanisa. "Mzee mzima unanipiga picha kama mchumba!" Dominika alimtania. Godwin alisema tu, "Umependeza," akainama kurekebisha kamera iliyokuwa haina shida yoyote.

Anataka kunitazama vizuri kabla hajafumba macho, Dominika aliwaza. Hakumuuliza. Aliona kwamba mtu akiamua kubeba mzigo wake kimya, heshima ni kumpisha njia.

Lakini kitu kimoja kilimkosesha usingizi: picha. Godwin alipiga picha za watu wote, yeye mwenyewe hakuna aliyempiga. Ilikuwepo moja tu, ya harusi ya kaka yake Dominika kule Lulindi, ambapo Godwin alikuwa amemkumbatia mbuzi na kucheka mpaka meno ya nyuma. Kompyuta ikizimika moja kwa moja, na hiyo imekwenda. Hakutaka siku ile imkute kama Mama Witness, mikono mitupu.

Aliwaambia wanafunzi wakae barazani, wasisimame juani. Akatoa diski nyeusi kwenye mtoto wa meza, akaichomeka. Hakuwahi kuifungua. Kila alipotaka kusaidia, Godwin alimwambia, "Hiyo niachie mimi. Usijihangaishe na wafu."

Aliisukuma juu pete ya ndoa, ambayo siku hizi aliivaa kidole cha kati, akashika kipanya. Alitafuta folda moja baada ya nyingine mpaka akamwona, yeye na mbuzi wake, anacheka. Dominika naye akacheka kidogo, machozi yakimtoka.

"Mungu nisamehe," alinong'ona, "namhamisha mtu aliye hai."

Akaipeleka picha kwenye diski ya pili. Mstari wa kijani ulitambaa hadi mwisho. Kompyuta ikafungua orodha ya waliomo humo, kwa mpangilio wa herufi, kama Godwin anavyopenda mambo yake.

Anjelina. Bartholomayo. Cecilia. Dominika.

Akina Dominika ni wengi, aliwaza. Akabofya.

Ilikuwa picha ya Jumapili, ile ya kitenge kipya, imekwisha kukuzwa na kuzungushiwa fremu yenye msalaba. Chini yake Godwin alikuwa ameandika: Alizaliwa 1955. Alifariki. Halafu akaacha nafasi.