Mshenga kutoka Kojani

Ndevu za upande wa kushoto zilianza kubanduka kwa jasho. Shehe Bakar akazishika kama mtu anayetafakari, akaendelea kumsifu Hudhaifa.

Aliyekuwa ndani ya kanzu ya shehe huyo, wenzake wa idara ya ujasusi walimwita Kinyonga. Kazini alishawahi kuwa muuza samaki, tabibu wa Kingazija, hata maiti ndani ya jeneza. Mihuri aliyochonga iliwadanganya hata waliochonga ile ya kweli. Lakini hapa Kiuyu leo hakutumwa na serikali. Alikuja kumposea mwalimu Hudhaifa, ambaye Mzee Pandu alishamnyima binti yake, Ummkulthum.

Barua ya kumtambulisha shehe ilikuwa na saini za wazee wa Kojani ambao hawajapata kuzaliwa. Sifa za Hudhaifa tu ndizo zilizokuwa za kweli.

"Kijana hana kasoro," alisema Mzee Pandu, akimmiminia mgeni kahawa. "Ila kwao bara huko, sikujui. Binti yangu namwoza Ridha, mtoto wa ndugu yangu. Binti mwenyewe anakuja leo na boti kutoka kazini Dar. Ijumaa tunafunga ndoa."

"Mwenyewe anamtaka huyo Ridha?"

"Hajaulizwa."

"Na babu yako wewe, mzee wangu, si alitoka bara vilevile?"

Birika likasita hewani. "Nani kakwambia? Hayo twayajua sisi wa nyumba hii tu!"

 Miaka yote ya kazi Kinyonga hakuwahi kuteleza ulimi namna hii.

"Visiwa vyenyewe vidogo hivi," akajibu, kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Mzee Pandu alimkodolea macho. Halafu akaangua kicheko.

"Wallahi, kweli! Babu alikuja hapa na kanzu moja tu, na bibi akamkubali. Haya, shehe, umenishinda. Mwambie Hudhaifa alete wazee wake. Ridha nitazungumza naye mimi."

Shehe akasoma dua kwa sauti ya kukwaruza, akaaga, akapinda nyuma ya mikarafuu. Huko akauvua ushehe wote, akavaa baibui lake, akajipaka wanja, akarudi na begi mkononi.

"Hodi, baba!"

"Karibu, Ummkulthum mwanangu!" Mzee Pandu akamkimbilia. "Umepishana sasa hivi na mshenga wako!"