Tambuu Zilizokauka

Mwanapili alifungua kijaluba cha tambuu cha mumewe, Mzee Shekue. Majani yalikuwa yamekauka, hayajaguswa wiki nzima. Lakini asubuhi hiyo pia mzee alikuwa ametema mate mekundu.

"Baba Zuhura, wekundu huu ni wa nini?"

"Wa tambuu."

"Tambuu ipi? Hii iliyokauka?"

Mzee akainamisha kichwa. "Ni fizi. Zimevimba miaka mingi. Daktari wa meno anasema uvimbe usiopona huweza kuumiza hata moyo. Ameniambia nikapimwe."

"Ndiyo maana unahema ukipanda mnarani kuadhini."

"Ningekwambia, ungenizuia kupanda."

Mwanapili akampa glasi ya maji. "Sukutua, nione mwenyewe."

Alipotema, wote wawili waliinama juu ya beseni jeupe, wakaona damu ikienea majini.