Saa Kumi na Dakika Saba

Sidii kumi na moja zilikuwa zinaning'inia juu ya bustani ya mboga, zikizunguka kwa upepo na kufukuza ndege. Ya kumi na mbili ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha chai, na ndiyo iliyomleta mgeni wa leo.

"Shika pembeni, mama. Usiiguse usoni."

Yule mama, mtunza ghala mstaafu wa hospitali, alimtazama kama anayetazama mgonjwa. Mtu mzima na ndevu zake, ameendesha gari saa nne kuja kuchukua kisahani cha chai.

Kazini walimwita Tarehe. Maktaba ya chuo ilimlipa kutafuta programu za zamani zilizopakuliwa na watu wakazisahau, na kuzihifadhi zikiwa na tarehe zake za kuzaliwa. Maana faili ukilinakili ovyo, kompyuta inalibandika tarehe ya leo, na babu wa watu anageuka mtoto mchanga. Mwenzake mmoja alifanya kosa hilo, Tarehe akamnunia wiki mbili. Yule naye akalipiza kwa kumletea keki ya kuzaliwa siku isiyo yake. Tarehe aliila yote, ila hakucheka.

Hii ya leo haikuwa ya kazini. Ilikuwa programu ya kuhesabia dawa za hospitali, iliyoandikwa na baba yake miaka ishirini na moja iliyopita. Mtandaoni nakala zilikuwa tele, lakini zimepita mikono mingi na tarehe zote zimevurugika. Huyu mama aliipakua mwaka ule ule ilipotoka, ikiwa imefungwa kwenye kifurushi chake, akaichoma kwenye sidii na hakuifungua hata siku moja. Alirudi kwenye daftari lake. Daftari, alisema, haligandi.

"Sasa huyo baba yako atafurahi," akamwambia akimfungia sidii kwenye kitambaa.

Tarehe akasema anaomba iwe hivyo.

Mama yao Tarehe na dada yake alifariki mwaka ule ule wa programu, tarehe kumi na nne, mwezi wa tisa, saa tisa alasiri. Aliyekuwa kitandani pake ni dada yake Tarehe peke yake, msichana wa miaka kumi na saba. Tangu saa sita alikuwa anakimbilia simu ya hospitali, anapiga ofisini kwa baba. Simu iliita mpaka ikachoka. Baba alitokea giza linaingia, akasema alijifungia chumba cha nyuma anamalizia programu ile ya dawa, hakusikia kitu. Dada hakuamini hata neno. Alihama nyumbani mwaka huo huo na hakumtia mzee machoni tena.

Sasa mzee alikuwa amelazwa, kesho yake anapasuliwa moyo, na madaktari walikuwa wanaongea kwa kuchagua maneno. Hakutaka matunda wala wageni. Alitaka binti yake aje.

Tarehe alikuwa amempigia dada mara tano. Mara ya sita dada akamkatisha.

"Si wewe ndiye bingwa wa tarehe? Basi nionyeshe kwamba siku ile alikuwa kazini. Nikiona kwa macho yangu, nakuja kwa magoti. Usiponionyesha, mdogo wangu, futa namba yangu."

Cha ajabu, mzee mwenyewe hakutaka hiyo programu itafutwe. Uchafu wa zamani, alisema, achana nao, mwambie tu aje. Tarehe alidhani ni unyonge wa ugonjwa.

Kutoka kwa yule mama, Tarehe alifika nyumbani kwake jua bado liko juu. Sidii ilikoroma, ikasita, ikakoroma tena, ikasoma. Akakifungua kifurushi taratibu, kwa njia isiyogusa tarehe, kama alivyokuwa akiwafundisha wengine mpaka wakamchoka. Faili likatokea, na tarehe yake ubavuni.

Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaitazama tena. Kisha akainuka kwenda kufunga mlango, ingawa alikuwa anaishi peke yake.

Jioni ile ile, baada ya Tarehe kumpigia kwamba ushahidi umepatikana, dada aliingia wodini na kipochi begani, kama mtu asiyekusudia kukaa. Hakuketi. Hakusalimia. Tarehe akaigeuza kompyuta juu ya kimeza cha mgonjwa, na dada akainama, akasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa tisa. Saa kumi na dakika saba jioni."

Akairudia. Mara ya pili sauti haikufika mwisho.

"Kwa hiyo wakati napiga simu..."

"Alikuwa anaandika," Tarehe alisema, macho kwenye kioo.

Dada alipiga magoti kweli, pale pale sakafuni, na kipochi chake begani. Alisema miaka yote ishirini na moja amemtukana baba yake, amemtukana hata mbele ya watoto wake, wajukuu ambao mzee hajawahi kuwaona. Atawaleta kesho asubuhi na mapema, kabla hajaingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Akaomba asamehewe. Mzee akamwekea mkono kichwani.

"Yamekwisha, mama. Yamekwisha."

Wakalia wote watatu. Nesi alichungulia, akarudi zake.

Mwishowe dada akajifuta uso, akauliza kama mzee anaruhusiwa chai, akatoka kwenda kuitafuta. Mzee akasikiliza viatu vyake mpaka vikapotea mwisho wa ukumbi. Kisha akamvuta Tarehe kwa mkono wa shati na kumnong'oneza, kwa sauti ya fundi anayemuuliza fundi mwenzake:

"Ile programu niliimaliza mwezi wa nane. Tarehe yake umeibadilishaje?"