Nafasi ya Dripu

Mara ya tatu mpima ardhi mstaafu kupotea, alipatikana palepale: sebuleni kwa mjane mmoja wa mtaa wa pili, amevua viatu.

"Usihangaike, dada," mjane alimwambia mkewe kwenye simu. "Nimempa chai. Maskini, hata hajui yuko wapi."

Mkewe, fundi cherehani, alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Wiki ile alimshonea mjane gauni.

Mambo yakazidi. Mzee alisahau siku ya ndoa yao. Alisahau alikolala Jumamosi. Mara mbili alimwita mkewe kwa jina lisilo lake. Fundi alimeza. Ugonjwa hauna adabu, alijiambia.

Kisha akasikia hospitali kuu inajaribu dawa mpya ya dripu. Daktari alimweleza taratibu: "Ni kingamwili, mama, kama askari wa mwilini. Tunawatuma kichwani wakazoe uchafu unaoharibu kumbukumbu. Ugonjwa hauishi, ila unapunguza mwendo. Lakini nafasi ni kumi na mbili tu."

Fundi alifunga cherehani mwezi mzima, akashinda kwenye mabenchi ya hospitali hadi mumewe akaandikishwa.

"Achana nayo, mke wangu," mzee alisema. "Nimeshazeeka."

"Sikuachi."

Alipimwa damu, maji ya uti wa mgongo, picha za ubongo, na mtihani wa kumbukumbu. Siku ya majibu daktari aliwakalisha wote wawili, akafunga mlango.

"Mzee hatapata dripu."

Fundi aliinuka kitini. "Mliniahidi, daktari. Nafasi yake mmempa nani?"

"Hatujampa mtu. Uchafu wenyewe haupo. Ubongo wake ni safi kabisa."

"Safi vipi, na hakumbuki kitu? Kwenye mtihani si mlimwona alivyoanguka?"

"Tulimwona." Daktari alimgeukia mzee, lakini mzee alikuwa akitazama sakafu. "Tulimwonyesha picha hamsini. Baadaye tukamwekea mbilimbili, moja ya zile na moja mpya, achague ile aliyokwisha kuiona. Hata mgonjwa asiyekumbuka chochote hubahatisha, akapata karibu nusu. Mzee hakupata hata moja."

Daktari akashusha sauti.

"Mama, ili mtu akose zote hamsini, lazima awe anazikumbuka zote."