Mbuzi wa Jumatatu

Mkurugenzi alipofika kwenye neno "nidhamu", mbuzi akatokea kwenye skrini akitafuna shati lililoanikwa kambani.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya tatu mfululizo. Katika kumbi tano za kiwanda cha magodoro, wafanyakazi waliokuwa wamesimama wima kusikiliza hotuba ya wiki walijiuma midomo, wakatazama viatu, wakakohoa. Mjomba wa stoo peke yake ndiye aliyecheka, na Mjomba akicheka hata mabati ya paa hupata habari.

Lawama zikamwangukia yeye.

"Aliyecheka ndiye aliyefanya," Mkurugenzi alikata shauri ofisini kwake. Alikuwa akizungumza na fundi wa mtandao, binti mwenye subira ya kufumua uzi uliojifunga mafundo, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa pia mpwa wa mtuhumiwa. "Jumatatu ijayo huyo mnyama akionekana tena, mjomba wako asisubiri hata chai ya saa nne. Akusanye vyake aende."

Bi Mkubwa, mama yake Mkurugenzi, alikuwa ameketi nyuma ya mwanawe, mkoba mapajani. Yeye ndiye aliyeanzisha kiwanda kwa cherehani moja, na hakukosa hotuba ya mwanawe hata moja. Kila Jumatatu alikaa papo hapo, kando, mahali kamera isipofika, akitikisa kichwa kwa kukubali. Skrini ya kujitazamia haikuwamo humo ndani. Mkurugenzi alisema kujiona kunamkatisha usemi, kwa hiyo habari za mbuzi aliletewa mambo yakiwa yamekwisha, kama mume anavyoletewa habari za nyumbani kwake.

"Sasa utamzuiaje?" akauliza.

"Shida ni kwamba skrini zetu zinasikiliza namba moja ya matangazo," Fundi akaeleza, "na yeyote anayerusha kwenye namba hiyo anapokelewa. Ni kama kipaza sauti kilichoachwa uwanjani. Nitabadilisha. Kila skrini itaiambia ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao: nataka namba hii, lakini kutoka kwa mashine ya Mkurugenzi peke yake. Wengine wote watafungiwa nje."

"Na mashine yenyewe ya mwanangu," Bi Mkubwa akauliza kwa upole, "haitasumbuliwa? Kitakachotoka humo kitapita?"

"Kitapita, Bi Mkubwa. Hiyo tu ndiyo yenye ruhusa."

"Haya. Mungu akuweke, binti yangu."

Kazi ikala siku nne. Fundi alizunguka ruta moja baada ya nyingine, ukumbi hadi ukumbi, akiandika amri zilezile kama mtoto aliyepewa adhabu. Skrini mbili za zamani hazikujua kabisa kutaja zinamtaka nani. Zilizoea kumeza kila kinachokuja. Ilibidi azibadilishie programu, huku akizitolea maneno ambayo mama yake hakumfundisha.

Ijumaa akafanya majaribio. Alirusha picha ya kiatu chake kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe: skrini zikabaki nyeusi. Akarusha kutoka kwa mhasibu: nyeusi. Akaenda stoo.

"Kompyuta mimi nazijulia wapi, mpwa wangu?" Mjomba akalalamika. "Hata hii naiwasha kwa kuichapa kofi."

"Najua, Mjomba. Ila Jumatatu usicheke."

"Mbuzi ale shati mchana kweupe, nami ninune? Kwani mimi jiwe?"

"Wewe ni baba wa watoto wanne, na wote wako shule."

Mjomba akasogea pembeni, akampisha kwenye kiti.

Kutoka stoo pia, skrini zikabaki nyeusi. Mwishowe Fundi akapanda ofisini, akarusha kiatu kutoka kwa mashine ya Mkurugenzi. Mara kumbi zote tano zikajaa kiatu, kikubwa kama mtumbwi. Akashusha pumzi. Hata nzi asingepenya tena.

Jumatatu asubuhi alisimama ukumbi wa kwanza karibu na Mjomba, kompyuta mikononi. Mkurugenzi akatokea kwenye skrini, tai imembana, akakohoa, akaanza na faida za kuamka mapema. Dakika ya kumi. Dakika ya kumi na tano. Mama mmoja wa kitengo cha kushona alikuwa amelala kwa kusimama, ufundi unaohitaji miaka.

"Na ndiyo maana nawaambia, ndugu zangu..."

Mbuzi.

Safari hii alikuwa na shati la buluu. Mjomba alijiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika, machozi yakimlenga, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio. Fundi akafungua kompyuta. Akaitazama ruta inasema nini. Mrushaji ni mmoja tu, na anwani yake aliijua kwa kichwa: aliiandika mwenyewe, mara tano.

Alipanda ngazi mbilimbili. Akausukuma mlango wa ofisi polepole.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya kamera, mkono juu, jasho linamtiririka, akiwaasa watu kuhusu nidhamu. Nyuma yake, pembeni kamera isipofika, Bi Mkubwa alikuwa ameinamia mashine, miwani puani, kidole bado kiko kwenye kitufe.

Alimwona Fundi. Hakushtuka. Akamwita kwa mkono, akamvuta sikio lake karibu.

"Mjomba wako haendi popote, hilo niachie mimi," akanong'ona. "Sasa niambie, binti yangu. Huyu mbuzi ni wa dakika sita tu, na hotuba bado ndefu. Hakuna namna ya kumrefusha?"