Matanga ya Jirani

Sheria ni moja: aliyeingia kitabuni haitwi, hata nyumba ikiungua. Ndiyo maana Salha, aliposikia Bi Raiye wa mlango wa pili amefiwa na mumewe, hakutafuta kanga ya kwendea matangani. Alivaa kofia ya kusomea, ile imwingizayo msomaji mzimamzima kitabuni, akaingia katika riwaya kongwe aipendayo, yenye kibanda mlimani, mbali na watu. Huko hakuna wa kumtuma kumenya vitunguu.

Akasukuma mlango. Bi Raiye alikuwa ameketi karibu na moto, kajitanda kanga.

"Bi Raiye! Matanga umemwachia nani?"

"Matanga gani, mwanangu? Mikeka nimetandika tangu asubuhi, hakuna aliyeikalia. Kila ninayempelekea habari, naambiwa yumo kitabuni. Nikasema nami nivae kofia nije huku, huenda nikawakuta."

Salha akaketi ng'ambo ya moto, wakaelekeana.

Mlango ukafunguka kidogo nyuma ya mgongo wa mfiwa. Aliyechungulia alikuwa mama yake Salha, aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda matangani. Walitazamana. Mama akaurudisha mlango taratibu.

"Nani huyo?" Bi Raiye aliuliza, akijisogeza kumpa mgeni nafasi.

"Upepo tu," alijibu Salha, macho chini.