Harufu Iliyobaki

Daktari wa mifugo alinyoa manyoya ya paka wa shangazi begani, usaha ukachuruzika mezani. Nikaziba pua.

"Mmekuwa mkimpa nini?"

"Vidonge vyangu vya homeopathi, vile vya tiba mbadala," shangazi alijibu, akimwonyesha kichupa. "Wiki ya tatu sasa. Haraka haraka haina baraka, daktari."

Daktari alitia kidonge kimoja mdomoni. "Mama, hii ni sukari tupu."

Alisafisha kidonda, akamchoma paka sindano, akatupa pamba chafu nje na kufungua madirisha yote. Harufu haikutoka.

Tukatazamana. Daktari akainama, akaifuata harufu ile mpaka kwenye kiti cha shangazi, kwenye soksi nene aliyoivaa mguu mmoja tu.

Shangazi akauvuta mguu uvunguni mwa kiti.

"Huu unaendelea vizuri," alisema.